Mchoro wa Madhubani wa kuagiza India: uzoefu wangu, na hoja ya "rangi za asili"

Madhubani ni uchoraji wa jadi wa eneo la Mithila. Nilichoagiza ni kohbar, yaani mchoro wa chumba cha maharusi, kwenye karatasi nzito ya kutengenezwa kwa mkono, sentimita 56 kwa 76, mtindo wa kachni, yaani mistari mingi na rangi kidogo. Muuzaji aliandika mambo mawili: umechorwa kwa mkono, na rangi zote ni za asili. La kwanza ni kweli. La pili ni nusu kweli, na nitaeleza nilivyopima.

Kwanza mistari, maana ndiyo unayoilipia. Wachoraji wa Mithila, kaskazini mwa Bihar na ng'ambo ya mpaka kule Janakpur, Nepal, huzungushia umbo mistari miwili sambamba, kisha hujaza katikati yake vijistari vya mshazari. Tazama kwa lensi. Vijistari vya nibu havilingani: pengine wino umekolea, pengine umefifia kabla ya kuchovya tena. Kazi ya printa huonyesha vitone vya rangi. Inayosumbua ni ile iliyochapwa mistari kwa skrini, kisha ikapakwa rangi kwa mkono, kwa kuwa haina vitone. Ilaze chini ya mwanga wa ubavuni. Nibu ya chuma huacha mifuo midogo kwenye karatasi, skrini haiachi, na wino wake una uzito uleule toka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Wangu ulipita bila shaka.

Maudhui pia yamekaa sawa. Kohbar asili yake ni ukuta wa chumba cha maharusi: mwanzi uliochoma katikati ya duara la mayungiyungi, kandokando samaki, kasuku, kobe, jua na mwezi, na Naina Jogin, mlinzi wa kike mwenye jicho moja, kwenye pembe. Ikikosa mwanzi na mayungiyungi, hilo ni pambo tu, hata liwe zuri namna gani.

Sasa rangi. Kwa desturi nyeusi ni masizi yaliyochanganywa na samadi ya ng'ombe, njano ni manjano ya jikoni, buluu ni nili, nyeupe unga wa mchele, na gundi ya mgunga hushikilisha. Chukua tochi ya kukagulia noti (ya mwanga wa urujuanimno), zima taa, mulika. Manjano halisi hung'aa njano-kijani. Rangi nyingi za dukani hubaki butu, ila zile za kumeremeta nazo hung'aa, kwa hiyo angalia kwanza mchana kama njano ni ya kumeremeta. Kwangu njano iling'aa. Nyekundu na kijani zina ngozi laini kama plastiki, na pamba yenye unyevu ukingoni haikuchukua chochote. Hiyo ni akriliki, rangi ya dukani yenye plastiki.

Akriliki yenyewe sina ugomvi nayo. Wachoraji wengi wa leo wanaitumia, tena haichuji upesi, ilhali manjano hufifia juani. Na anayedai akriliki si mila akumbuke kwamba hata karatasi si ya kale: ni wakati wa ukame wa 1966 na 1967 ndipo Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilipomtuma Bhaskar Kulkarni awahimize wanawake wachore kwenye karatasi za kuuza, na hapo ndipo dunia ilipowajua wachoraji kina Sita Devi na Ganga Devi. Kinachoudhi ni kuuziwa akriliki kwa bei ya asili. Alama ya kijiografia ya 2007, yaani usajili wa jina la bidhaa kwa eneo inakotoka, inalinda jina Madhubani; haisemi rangi imetoka wapi.

Ufungashaji ndio mbovu kuliko yote. Mchoro ulikunjwa ndani ya bomba jembamba, upande wa rangi ukiwa ndani, na nyekundu ikapata nyufa palipopakwa nene. Agiza uje bapa kati ya kadi mbili ngumu, au kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, rangi ikiwa nje. Ukija umejikunja, uweke kati ya karatasi safi na ubao mzito hadi utulie. Usipige pasi.

Kwenye fremu, weka kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse rangi. Wa pwani msisitizie fundi hili: jasho la kioo likigusa gundi ya mgunga, rangi hunata na ukungu huanzia hapohapo, hasa kwenye karatasi iliyopakwa samadi. Ukuta uwe mkavu, usiopigwa na jua.

Nyota nne kwa mchoraji, mbili kwa muuzaji.