Kinoo cha King KW-65 (1000/6000) kwa kufufua kisu cha zamani

Ukiulizia kinoo cha kuanzia, jina la chapa ya King halikawii kutajwa. KW-65 ni kinoo cha maji kutoka Japani chenye nyuso mbili: 1000, wenye rangi ya matofali, na 6000, mweupe; namba ikiwa kubwa, chembe ni laini zaidi. Ukubwa wake ni takriban milimita 185 kwa 63 kwa 25, na huja na kitako cha plastiki. Kwa kisu cha kila siku kilichofubaa makali tu, ni vigumu kukikosoa. Kwa kisu kikuukuu chenye kutu na mapengo, ambacho unataka kukifufua ili umzawadie rafiki, habari ni nyingine. Kinoo hiki hufanya robo ya mwisho ya kazi, na huifanya vizuri. Robo tatu za mwanzo zinataka vifaa vingine.

Sababu ni chembe. Chembe za 1000 ya Kijapani zina ukubwa wa mikroni 14 hivi (mikroni ni elfu moja ya milimita), za 6000 kama mikroni 2. Msasa wa P220 una chembe za mikroni 68. Pengo la milimita moja kwenye makali maana yake ni kwamba makali yote, tangu kisigino (mwisho wa makali upande wa mpini) hadi ncha, lazima yashuke milimita moja. Ukilifuata pengo hilo kwa 1000 utakesha, na kinoo chenyewe kitabonyea katikati kabla hujamaliza. Tafuta kwanza kinoo kikwaru, yaani chenye chembe kubwa, cha kati ya 220 na 400, au bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene. Ila usilinganishe namba za msasa na za kinoo kana kwamba ni kipimo kimoja: msasa wa P1000 una chembe za mikroni 18 hivi, yaani unakwaruza zaidi ya 1000 ya King.

Kuna wanaotaka kufupisha njia kwa mashine ya umeme. Ugumu wa kisu hutokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Makali ni membamba, hupata moto kwa sekunde chache, na yakishageuka buluu yamepanda hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Hapo ugumu umeondoka, na hakuna kinoo cha kuurudisha. Mkono na maji vinatosha.

Chagua kisu chenyewe kwa macho makavu. Chuma cha pua kilianza kuingia kwenye visu baada ya kazi ya Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa hiyo visu vingi vya zamani ni vya chuma cha kaboni. Sumaku haitakusaidia kutofautisha, maana visu vingi vya chuma cha pua navyo hunasa. Safisha sehemu ndogo, dondosha tone la siki, ngoja dakika chache: chuma cha kaboni hugeuka kijivu. King hukipenda chuma hicho na hukila haraka. Kutu ya juujuu isikutishe. Cha kuogopa ni vishimo vilivyo karibu na makali, kwa sababu kila unapofikia kishimo kwa kunoa, makali yanapata pengo jipya. Kitu kingine ni mpini ulioachana na chuma: kutu huvimba, hivyo mwanya kati ya mbao na chuma ni dalili kwamba ndani kunaliwa. Kisu chenye ufa kiache kwa muuzaji.

Kwa kutu, siki ya kawaida ya asilimia 5 inatosha. Funga ubapa kwa kitambaa kilicholowa siki, mpini ubaki mkavu, na ukague kila baada ya dakika 20, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima. Sugua, osha kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kausha papo hapo na upake mafuta. Kisha msasa wa maji ulioviringishwa kwenye kipande cha mbao: P220 kama kuna makovu, halafu P400, halafu P800, kila hatua ifute michirizi ya hatua iliyotangulia. Pita mbali na mhuri wa mtengenezaji. Mhuri uliofutika haurudi, na kwa kisu cha zawadi huo ndio ukoo wake. Wala usilazimike kukifanya king'are kama kioo. Rangi ya kijivu iliyotulia hupunguza kasi ya kutu mpya.

Baada ya hapo angalia umbo. Visu vya mtindo wa Kifaransa na Kijerumani mara nyingi vina shingo nene ya chuma kati ya ubapa na mpini. Miaka ya kunolewa hushusha makali huku shingo ikibaki pale pale, na karibu na kisigino hutokea bonde. Kiweke juu ya ubao ukitazame dhidi ya mwanga: ukiona mwanga chini ya makali, vitunguu vitakatika nusu na kubaki vimeshikana. Kwanza punguza shingo kwa tupa, milimita 2 au 3 kwenda juu, halafu simamisha kisu wima juu ya kinoo kikwaru na usugue makali mpaka mstari ukae sawa. Inauma kuona makali yote yakifutwa, lakini njia nyingine hakuna.

Sasa una kisu kilichonyooka na kinene, na hapa ndipo wengi huacha mapema. Kila milimita unayopanda, ubapa ni mnene zaidi. Laza kisu karibu kabisa na kinoo kikwaru, kama nyuzi 5 hadi 10, na upunguze mashavu yote mawili (pande za ubapa) mpaka unene nyuma tu ya makali ubaki milimita 0.3 hivi. Kisu kisichopunguzwa hukata karatasi vizuri sana na kukwama kwenye karoti. Michirizi ya kazi hii irudie kwa msasa.

Hapo ndipo zamu ya King inafika. Loweka upande wa 1000 dakika 5 hadi 10, mpaka mapovu yaishe. 6000 unyunyizie tu. Kitako cha plastiki huteleza kikilowa, weka kitambaa chenye maji chini yake. Pembe ya nyuzi 15 kila upande inafaa vyuma vigumu. Visu vingi vya zamani vya Ulaya ni laini kiasi, na nyuzi 17 hadi 20 hukaa muda mrefu. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Kwa ubapa wa upana wa milimita 45, inua mgongo wa kisu milimita 13 kupata nyuzi 17, au milimita 15 kupata nyuzi 20. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole uzi wa chuma uliojikunja upande wa pili, kwa urefu wote wa kisu, ndipo ugeuze. Tope linalojitokeza usilioshe, ndilo linalokata.

Udhaifu wa King ni ulaini. Hukata haraka kwa sababu huachia chembe, na kwa sababu hiyo hiyo hubonyea. Chora miraba ya penseli usoni, sugua juu ya msasa wa P120 uliolowa kwenye kioo. Penseli ikifutika kote, kinoo kiko sawa. Fanya hivyo kabla ya kila kisu. Upande wa 6000 hukatwa kirahisi na makali yenyewe, kwa hiyo hapo vuta kisu kurudi nyuma tu, makali yakifuata. Kikaushe kivulini, kwani kikikauka ghafla juani kinaweza kupasuka.

Kuhusu 6000 yenyewe, sifa zake zimezidi kwa kazi hii. Chuma laini kikinolewa kwa chembe laini mno, makali huteleza juu ya ganda la nyanya. Pitisha mara tano sita kila upande, kwa mkono mwepesi, kuondoa uzi uliobaki, basi. Ukipenda ishia 1000 kabisa.

Mpini wa mbao unataka msasa kidogo na mafuta safi ya kitani, tabaka jembamba, yafutwe baada ya dakika 15. Epuka yale ya dukani yanayoitwa yaliyochemshwa, mengi huwekwa kemikali za metali za kukausha. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze vikauke au vitumbukize majini. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Ubapa upakwe mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa vyakula, maana ya kupikia hunata na kuvunda. Usikifungie ndani ya ngozi: hushika unyevu, na kutu itafika kabla ya rafiki. Kadibodi iliyokunjwa na kufungwa inatosha. Mwandikie kwamba kisioshwe kwa mashine ya vyombo, na kikaushwe mara tu baada ya kuoshwa. Kama hana kinoo, mpe na King. Kisu kikishatengenezwa, 1000 ndiyo atakayoihitaji kila baada ya wiki kadhaa, lakini isawazishe kwanza, usimpe kinoo chenye bonde.