Kuegesha chini ya bustani ya Post Office Square, Boston: uzoefu wangu

Mama alipokuja kututembelea kutoka Mombasa kiangazi kilichopita, nilimwambia, "Tunaliweka gari gereji, halafu tukale bustanini." Akashtuka. "Kwani limeharibika, mwanangu?" Nilisahau kwamba kwetu gereji ni fundi, spana na oili. Hapa ni maegesho tu, na haya yamezama ghorofa saba ardhini, nafasi 1,400.

Kule chini pana mwanga wa kutosha na pamefagiwa. Hapanuki mkojo kama maegesho mengine niliyowahi kuingia. Tulipotokeza juu, Mama aliyabonyeza majani kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu godoro dukani. "Magari yako chini yangu hapa?" Hakusadiki mpaka nilipomwonyesha moja likimezwa na mlango wa kando ya barabara. Tukaazima mito ya kukalia, tukafungua chapati na maharage ya nazi katikati ya watu wa maofisini na saladi zao.

Mimi hesabu yake ndiyo iliyonivutia, kuliko maua. Tangu 1954 hapa palikuwa na jengo la zege la kuegeshea magari, limelikalia eneo zima. Lilibomolewa 1988, na kufikia 1992 bustani ilikuwa tayari. Norman Leventhal, mwekezaji wa majengo ambaye bustani sasa ina jina lake, pamoja na wenzake waliuza hisa 450 kwa dola 65,000 kila moja. Aliyenunua alipata haki ya kukodi nafasi ya gari. Na ada ya maegesho ndiyo inayotunza bustani, bila kungoja bajeti ya mji. Kwa hiyo nikilipa, na si kidogo (katikati ya Boston nani akuegeshee bure?), walau najua kuna mti unaonyweshwa kwa pesa yangu. Kwa siku ya kawaida nachukua treni. Nikiwa na mgeni mwenye magoti mabovu, nakuja hapa.

Ila shika namba ya ghorofa. Mimi sikuishika. Tulizunguka ghorofa mbili nzima, nabonyeza ufunguo na kutega sikio nisikie honi, Mama ananifuata na kikapu chake kitupu. Ya tatu akagoma. Akasema nikilipata nimfuate juu, kwenye majani.