Hatifungani ya maji Tanga: maoni ya dobi

Mimi ni dobi, Ngamiani. Mashine tatu, pasi mbili, na kijana wa kupeleka nguo kwa baiskeli. Dobi bila maji ni mpiga pasi tu, ndiyo maana mwaka 2024, Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji letu, walipotoa hatifungani ya kijani ya miundombinu ya maji (yaani unawakopesha pesa za mradi unaojali mazingira, wanakulipa riba, na muda ukiisha wanakurudishia pesa yako), nilivunja kibubu nikaweka milioni mbili.

Ni ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Kwangu hiyo ni 270,000, hulipwa kwa nusu mbili. Walitafuta shilingi bilioni 53.12, watu wakaleta zaidi. (Jirani yangu hakununua kwa sababu ya hiyo riba, dini yake, sina neno naye.) Pesa yangu imekuwa ikifika. Tanga kwetu ni waja leo waondoka leo, na riba nayo imeshika tabia hiyo: ikiingia tu, inakwenda ada ya binti yangu.

Kilichoniudhi ni wakala niliyenunulia. Alinirudisha mara tatu: leo picha ya pasipoti, kesho sahihi haifanani na ya kitambulisho, keshokutwa mtandao. Nilipomuuliza nikitaka kutoka kabla ya miaka 10 nafanyaje, akanijibu, "Inauzika, mama," akarudi kwenye simu yake. Inauzika kweli, maana imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila lazima apatikane mnunuzi, na bei ya siku hiyo si lazima iwe ile uliyonunulia. Pesa ya kodi ya nyumba usiiweke humu.

Haja ya maji ipo, hilo sibishi. Bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani. Wanaofuata kazi hizo wataoga, watapika na, Mungu akipenda, wataleta nguo kwangu.

Lakini maji ya jiji yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi. Nilipanda milimani Amani, unakotoka mto huo, kwenye msiba, mvua imenyesha usiku kucha, nikaukuta Zigi una rangi ya chai ya maziwa. Nikachovya ncha ya mtandio wangu mweupe, udobi hauniachi hata msibani. Ukatoka na pindo la kahawia ambalo nilikuja kulisugua mara mbili. Tope lile safari yake ni bwawani, na likituama huko linakula nafasi ya maji. Kwa hiyo wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wao wa kutunza mazingira ya Zigi, wanaopanda miti na kuacha kulima kingoni mwa mto, wanalinda milioni mbili yangu kuliko bomba lolote jipya. Wao wakitoa hatifungani ya miti, nanunua.

Nyota nne. Ya tano kaila wakala. Ikitoka nyingine nitakwenda tena, na picha za pasipoti sita mkobani.