Walifunga vizuri, wakatunza vibaya: huduma ya kinga ya moto katika jengo letu la Kariakoo

Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, wamiliki wa jengo ninalolisimamia, ambalo liko mitaa michache kutoka hapo, waliacha kubishana kuhusu gharama na kuniagiza nitafute kampuni ya kufunga mfumo kamili wa kutambua na kuzima moto. Jengo lina ghorofa sita: chini ni maduka na mgahawa, juu ni ofisi na stoo za vitambaa. Kati ya makadirio matatu niliyopokea nilichagua lile ambalo bei yake ilikuwa ya katikati, kwa kuwa mafundi wa kampuni hiyo pekee ndio waliopanda hadi paani na kuingia chumba cha umeme kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Jina lao silitaji, maana suala la mkataba bado tunalizungumza.

Kazi ya ufungaji naisifu bila kusita. Walifanya kazi usiku baada ya maduka kufungwa, na kila asubuhi wapangaji walikuta sakafu imefagiliwa. Jikoni kwa mgahawa walikataa kuweka kitambuzi cha moshi, wakaweka cha joto, wakieleza kwamba moshi wa kukaanga samaki ungeliza kengele kila siku hadi mtu achoke na kuing'oa. Kila ghorofa ilipata mpira wa maji wa mita 30 karibu na ngazi, na pampu ikapewa njia yake ya umeme, ili swichi kuu ya jengo ikizimwa wakati wa moto maji yasikatike. Lililonifurahisha zaidi ni dogo: matundu yote waliyotoboa kwenye zege kupitisha kebo waliyaziba kwa dawa isiyoshika moto. Mafundi wengi huyaacha wazi, na moshi hupanda ghorofa hadi ghorofa kwa matundu kama hayo.

Matengenezo ni habari nyingine. Mkataba unadai ziara kila baada ya miezi mitatu, na katika kila ziara vitambuzi vyote 62 vijaribiwe, mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe na betri za paneli, yaani kisanduku kinachoongoza mfumo wote, zipimwe. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika mwaka wa pili alikuja kijana mmoja peke yake, akamaliza ghorofa zote sita kwa muda usiofika saa moja, akabadilisha kadi za ukaguzi kwenye mitungi na kuniachia ripoti isiyo na kasoro hata moja. Siku mbili baadaye niliinua mtungi wa kabonidayoksaidi ulio mlangoni mwa chumba cha umeme, nikauona mwepesi. Mtungi wa aina hiyo hauna geji ya kuonyesha presha, tofauti na wa unga, kwa hiyo namna ya kujua kama umejaa ni kuupima na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Niliazima mizani kwa muuza nafaka wa duka la chini: ulikuwa umepungua karibu kilo mbili, ilhali ni mtungi wa kilo tano. Kadi yake ilikuwa na sahihi mbichi.

Nikapanda ghorofa ya tatu. Ofisi moja ilikuwa imepakwa rangi mwezi uliopita, na kitambuzi chake kilikuwa bado kimefungwa mfuko wa nailoni ambao wapaka rangi waliusahau. Katika ripoti kiliandikwa kinafanya kazi. Hapo ndipo nilipofungua kumbukumbu ya paneli, jambo ninalomshauri kila msimamizi ajifunze, kwa sababu katika mfumo kama wetu kila kitambuzi kina namba yake, na kikipulizwa moshi wa majaribio paneli huandika namba hiyo pamoja na saa. Siku ya ukaguzi ziliandikwa namba nne tu.

Nilipolalamika, msimamizi wao alifika kesho yake, akaomba radhi na kujaza mtungi bila malipo, lakini alitaka tuyachukulie yote kuwa kosa la kijana mgeni. Sikukubali, kwa kuwa ripoti ile ilipitia ofisini kwao na kugongwa muhuri. Tumekubaliana kwamba malipo ya kila ziara yatatolewa baada ya ripoti kulinganishwa na kumbukumbu ya paneli, na kwamba mtunza jengo wetu atafuatana na fundi akiwa na mizani. Kwa ufungaji ningewaita tena hata kesho. Kwa matengenezo, mwenye jengo asiye na mtu wa kuwafuata nyuma atafute wengine.

Ziara ya kwanza chini ya utaratibu huu ilianza saa tatu asubuhi ikaisha saa kumi jioni. Kengele zililia mchana kutwa, wapangaji wakanipigia simu kwa hasira mmoja baada ya mwingine, na ni mara ya kwanza nimepokea malalamiko yao kwa furaha.