Rimu za inchi 17 kwenye Subaru Forester SH5: uzoefu wangu

Nimebadilisha rimu na matairi ya Forester yangu, toleo la SH5, kutoka inchi 16 za kiwandani kwenda inchi 17. Nimeshaitembeza kwenye lami ya Barabara ya Morogoro, kwenye vumbi na mashimo ya Goba, na kwenye kona za Kitonga nikienda Iringa. Hela niliyotoa ninaiona imefanya kazi. Ila gari limetulia si kwa sababu rimu zimekuwa kubwa. Limetulia kwa sababu namba za rimu na tairi zinalingana na za gari. Hapa Dar ninapishana kila siku na magari mazuri yaliyovalishwa rimu zinazosugua madgadi au zinazotikisa usukani, na wenyewe wametoa fedha nyingi. Inaniuma, maana hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa simu akiwa palepale dukani.

Gari lilikuja kutoka Japani na tairi la 215/65R16. Yaani upana wa milimita 215, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Asilimia 65 ya 215 ni karibu milimita 140. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo hesabu mara mbili, kisha ongeza rimu: inchi 16 mara 25.4 ni milimita 406. Jumla, tairi zima lina kimo cha milimita 686. Hiyo 686 ndiyo namba niliyoishika tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu spidomita, gia na nafasi iliyoachwa ndani ya madgadi vyote vimepangwa kwa tairi la kimo hicho. Rimu ikikua, ubavu lazima upungue ili jumla ibaki palepale au karibu sana.

Wauzaji walinitajia saizi nyingi, nikazipigia hesabu zote. 225/55R17 inatoa milimita 679, pungufu ya asilimia moja tu, na ni saizi ambayo Subaru wenyewe waliifunga kwenye matoleo mengine ya gari hilihili. 225/60R17 inatoa 702. Hiyo imejaa madukani kwa sababu Forester iliyofuata, SJ, inaitumia, na wapo wenye SH wanaoifunga wakitaka gari linyanyuke kidogo. Mimi niliiacha. Kwenye Forester, tairi la mbele limepita karibu sana na kile kisahani cha chini cha springi kwenye shokapu, na kila milimita inayoongezeka kwenye kimo inakula nafasi hiyo. Pia spidomita inaanza kusoma pungufu, kitu ambacho sikitaki kwenye vibao vya 50 ambako trafiki wanasubiri na tochi.

Inchi 18 zilinivutia kwa macho, nakiri. 225/50R18 hata kimo chake kiko sawa, milimita 682. Tatizo ni ubavu: tairi langu la zamani lilikuwa na milimita 140 za mpira kati ya rimu na shimo, hili lina 112. Kwa barabara ya kwetu, ambako mvua ikinyesha shimo linajificha ndani ya dimbwi, zile milimita 28 ndizo zinazoamua kama utabadilisha tairi au utanyoosha rimu. 225/55R17 ina ubavu wa karibu 124, na hapo nikaona ndipo pa kuishia. Ukiona 235/45R18 inauzwa kwa bei ya kutupa, hiyo kimo chake ni 669 na ubavu ni 106. Gari linashuka, spidomita inadanganya kwenda juu, na matuta ya mtaani utayajua yote kwa majina.

Angalia pia namba inayofuata saizi. Tairi la zamani lilikuwa na 98, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 750. Mengi ya 225/55R17 yana 97, yaani kilo 730, na yale ya inchi 18 niliyoyashika yalikuwa na 95, kilo 690. Tofauti ni ndogo ukiwa peke yako. Ukisafiri na familia, magunia mawili ya mchele na ndoo za mafuta ya alizeti kutoka Singida, utataka nafasi hiyo iwepo.

Hayo ni ya tairi. Kwenye rimu ndiko watu wanakoumia zaidi.

Duka la kwanza nililoingia, Kariakoo, kijana aliniangalia gari kutoka mlangoni akasema, "Dada, nati tano ni nati tano, hizi zinaingia." Zilikuwa rimu za Mark X. Mark X ina nati tano, kweli, lakini duara linalopita katikati ya nati zake lina kipenyo cha milimita 114.3. La Forester SH ni 100. Kila nati inapishana na tundu lake kwa milimita saba, haiingii kwa hali yoyote. Nilipomwonyesha, akaleta za Premio. Hizo duara lake ni 100, na hapo ndipo wengi wangelipa na kuondoka. Ila tundu la katikati la rimu za Toyota hizo ni milimita 54.1, na habu ya Subaru, yaani kile kitovu ambacho rimu inakaa juu yake, ni 56.1. Rimu haikai, inagonga kwenye habu kabla haijafika mwisho. "Tutakuchongea," akasema. Kuchonga kunawezekana kwa fundi mwenye mashine nzuri, lakini mchongo ukihama katikati hata kidogo, gari litatikisika kwenye 90 na hakuna balansi itakayoliponya. Nikamshukuru nikaondoka.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Rimu za Volkswagen nyingi za zamani, kama za Golf 4, zina duara la 100 na tundu la 57.1. Hizo zinaingia kwenye Subaru na kuacha uwazi mwembamba. Zinahitaji pete ya kuziba uwazi huo ili rimu ikae katikati kwa habu na si kwa kubahatisha na nati. Pete ni kitu cha bei ndogo, lakini muuzaji asiyeijua hatakupa.

Duka nililonunua lipo Ilala, na nawasifu kwa jambo moja ambalo sikulikuta kwingine: kabla ya kunitajia bei, fundi alipiga jeki, akatoa tairi moja la mbele, akaligeuza na kusoma maandishi ya nyuma ya rimu. Ya kwangu imeandikwa ofseti 48. Maana yake, sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu imesogea milimita 48 kutoka katikati ya upana wa rimu kuelekea nje. Namba ikipungua, tairi linatoka nje ya gari. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu. Alinipa machaguo mawili. La kwanza ni rimu za mtumba kutoka Japani, upana wa inchi 7, ofseti 48. La pili ni rimu mpya zinazong'aa, upana wa inchi 8, ofseti 35. Akachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Ile ya inchi 8, kwa upande wa ndani inafika palepale inapofika ya inchi 7. Kwa nje inatokeza karibu milimita 26 zaidi. Milimita 26 zote upande mmoja! Gari likibeba watu nyuma na kupita tuta, ukingo wa madgadi unakutana na tairi, na beringi za habu zinabeba mzigo ulio mbali kuliko zilivyotengenezewa. Nilichukua za mtumba. Spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya rimu na habu, sikuzizungumzia kabisa, kwa sababu hizo zinafanya jambo lilelile la kusukuma tairi nje.

Rimu za mtumba zinataka jicho. Tulizizungusha moja moja kwenye mashine ya balansi bila tairi ili kuona kama kuna iliyopinda, na tukakagua nyuma kama kuna alama ya kuchomelea. Moja tuliikataa kwa sababu hiyo, wakanibadilishia bila maneno. Nilitafuta pia alama ya JWL, muhuri wa kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, nikaukuta kwenye zote.

Nati nazo zina yake. Stadi za Subaru, yaani zile bolti zinazopokea nati, zina unene wa milimita 12, na mizunguko ya uzi wake imepishana kwa milimita 1.25. Za Toyota ni 12 pia, ila uzi ni 1.5. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru, na kijana mwenye mashine ya upepo ataisukuma mpaka uzi wote uishe. Umbo la kichwa nalo ni muhimu: Toyota nyingi zenye aloi za kiwandani zina nati zenye shingo ndefu na washa bapa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inashika ukingo tu, na inalegea njiani. Rimu zangu zilikubali nati zangu za koni zilezile. Fundi alizikaza kwa mkono kwa mtindo wa nyota, akamalizia na spana ya kupimia mkazo kwenye newtoni mita 100, akaniambia nirudi baada ya kutembea kidogo azikague tena. Nilirudi, akazikagua bure.

Kwa wenye Subaru, na gari lolote linalosukuma matairi yote manne muda wote, matairi manne yanunuliwe pamoja, chapa moja, kashata (michoro ya mpira unaogusa barabara) moja. Mwongozo wa Subaru ni kwamba mzunguko wa matairi usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyokaribia kipara nyuma, mbele na nyuma vinazunguka kwa mwendo tofauti safari nzima, na tofauti hiyo inamezwa na klachi iliyo ndani ya gia boksi. Gharama yake ukiilinganisha na matairi mawili, utanunua manne. Soma pia tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dukani niliwekewa mezani matairi "mapya" yaliyotengenezwa miaka mingi nyuma, yaking'arishwa kwa mafuta. Niliyarudisha.

Kabla sijalipa, vijana wa gereji walikaa siti ya nyuma, tukapinda usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, tukapanda tuta la mtaani. Hakuna kilichogusa. Tukafanya alaimenti, nikaondoka.

Sasa mwendo wenyewe. Kwenye kona za Kitonga gari linaitikia usukani mapema, halilali kama zamani, na ukilazimika kukwepa lori lililosimama huna wasiwasi. Breki sijaona tofauti. Mafuta pia. Kwenye njia ya mawe ya Goba ugumu unausikia, ubavu umepungua na mwili unajua. Anayepita vumbi kila siku namshauri abaki na inchi 16 na anunue tairi bora la saizi ileile. Bei ya tairi la 17 iko juu ya la 16 kwa kila chapa niliyoulizia, na sizitaji kwa tarakimu kwa sababu zinabadilika na dola. Upepo ninajaza kwa kufuata stika ya mlango wa dereva. Imeandikwa kwa kPa na vipimo vya mtaani ni psi, kwa hiyo gawanya kwa 6.9: 230 inakuwa 33.

Kilichobaki ni spea. Kwa sasa nimeweka moja ya zile za inchi 16. Kimo chake kimezidi kwa milimita 7 tu, lakini ukipiga mzunguko ni zaidi ya milimita 20, mara tatu ya kile Subaru wanachoruhusu, kwa hiyo ni ya kunifikisha kwa fundi pancha wa karibu basi. Ninatafuta rimu ya tano: inchi 17 kwa 7, nati tano kwa duara la 100, tundu la 56.1, ofseti 48. Rangi yoyote.