Kuku ameisha, mama

Tangu mwezi wa sita nimekula kwenye mgahawa mmoja hapa Moshi mara tano, na mara mbili kati ya hizo nimeambiwa kuku ameisha. Jumamosi, saa saba na nusu mchana, njaa imenikaba, binti anakuja na daftari lake: "Kuku ameisha, mama. Kuna mtori na kiburu." Mwenzangu alinuna. Mimi ndipo nilipoanza kuwaamini.

Nina sababu. Kwa miaka minne nilifuga kuku wa nyama uani kwangu Pasua, mia tatu kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu ya kuku naijua. Kuku wa kisasa ukimlisha sawasawa, wiki ya sita yuko sufuriani. Kifua kizito, miguu imemshinda, anashinda amelala juu ya maranda mabichi mpaka ngozi inababuka. Wa kienyeji anataka miezi mitano, sita, na mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ukipita kijijini unaamka asubuhi unakuta banda zima kimya. Sasa hoteli inayouza sahani themanini za "kienyeji" kila siku, Januari hadi Desemba, bila kukosa hata siku moja, inawatoa wapi? Mara nyingi ni chotara, kuku wa mbegu iliyochanganywa kama Sasso au Kuroiler, ambaye kwa miezi mitatu hivi ana kilo mbili na manyoya ya rangirangi ya kumridhisha mteja. Chotara hana kosa lolote, ni kuku mzuri tu. Ila auzwe kwa jina lake na bei yake.

Huu mgahawa una meza sita na uko njia ya Rau. Mwenyewe, mama wa makamo hivi, ameniomba nisiandike jina. Anasema watu wakijaa itabidi na yeye aanze kudanganya. Ukiona ubao mweusi umeegemezwa kwenye ua wa masale, umefika. Ubaoni kila chakula kimeandikwa kwa chaki na kwao: ndizi za Uru, maharage aina ya Lyamungo kutoka Kibosho, mchele wa Mabogini, mayai ya hapa hapa.

Mtori, shilingi elfu nne, ndio wa kuanza nao. Ni ndizi mshare tupu, hazikuchanganywa na viazi kama wafanyavyo wengine ili uwe mzito, na nyama ni ya mifupa iliyochemka mpaka inaachia yenyewe. Nilikula nikakumbuka uzazi wangu wa kwanza, mama mkwe kasimama mlangoni na bakuli. Ndizi hizo zinatoka kwenye vihamba viwili vya majirani, yaani migomba ya kuzunguka nyumba, na kilichonifurahisha ni maganda. Hapa hayatupwi. Pikipiki inayoleta mikungu inapanda tena Uru na gunia la maganda, ng'ombe wa ndani anakula, samadi inarudi mgombani. Ndivyo bibi zetu walivyokuwa wakifanya, tofauti ni kwamba sasa kuna nauli ya bodaboda.

Nikamuuliza kuhusu kuku. Hakunijibu kwa maneno, akasema njoo Alhamisi. Alhamisi tukapanda wote. Tulimkuta bibi mmoja na kuku kumi na wanne wakichakura chini ya kahawa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, umekuja kununua au kuhesabu?" Nilikuwa nimekuja kuhesabu. Mama mwenye mgahawa ndiye anayeleta chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, tone moja la jicho kwa kila kuku, kwa pesa yake. Bibi naye akiwa na kuku wa kuuza, anamwambia yeye kabla ya mwingine yeyote. Wapo akina bibi saba wa namna hiyo, na kwa wiki wanampatia kuku kumi, kumi na wawili. Ndiyo maana Jumamosi saa saba ameisha.

Kuku wanashuka ndani ya matenga yaliyotandikwa majani, watatu watatu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini kaa Kiboriloni siku ya soko uone kuku wanavyoning'inia kwenye usukani wa pikipiki, vichwa chini, kama mafungu ya mchicha. Sikumsikia mama huyu akitaja sheria. Alisema aliyening'inizwa hivyo anafika mapaja yamevilia damu, na hofu yake unaitafuna. Kwa hiyo wakifika wanalala na maji, wanachinjwa kesho yake.

Swali langu la mwisho lilikuwa la mfugaji kwa mfugaji: akiugua ukampa dawa? Akanionyesha jogoo mwenye uzi mwekundu mguuni. Hauzwi mpaka siku za kusubiri dawa itoke mwilini, zilizoandikwa kwenye pakiti, ziishe. Niliangalia pembeni. Mimi nilikuwa nauza. Gari la mnunuzi lilikuja siku aliyopanga mnunuzi, na kama jana yake nilitia dawa kwenye maji, basi. Hakuna aliyeniuliza, na sikumwambia mtu.

Ladha? Atakutoa jasho la taya, usiende na mgonjwa wa meno. Nusu kuku ni elfu kumi na sita, amechemshwa taratibu na tangawizi na chumvi, halafu mchuzi wake unaletwa kikombeni peke yake. Mchuzi ule una mafuta ya njano yanayoelea, hauna harufu ya dagaa. Wa kwangu, niliowalisha dagaa ili wanenepe haraka, walikuwa na harufu ya soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mpaka kwenye mfupa.

Mayai pia mazuri, ingawa binti aliponivunjia moja mbele yangu ili nione kiini cha njano nilicheka. Kiini kinafuata chakula. Mpe kuku mahindi ya njano au majani ya kutosha, hata aliye kwenye keji atakutolea jua linalochwa.

Kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kina mjadala. Anakipika bila magadi, kwa sababu ya floridi, na hilo namuelewa. Nimesoma na watu waliokulia upande wa Mlima Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi, meno yao ya kahawia nayajua. Lakini bila magadi maharage yanachukua muda, na siku moja tuliletewa yakiwa bado yanagoma. Mama mkwe wangu angerudisha sahani. Juisi ya ukwaju inamaliza kikombe cha sukari ya kiwanda cha TPC kwa glasi moja, sijui afya inaishia wapi hapo. Chooni mara ya tatu hapakuwa na sabuni. Na wakati wa masika mlango wa mbele ni tope, vaa viatu usivyovipenda.

Kilichoniudhi kweli ni samaki. Ubao ulisema perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Nikaagiza. Walikuja wawili wanaolingana kama mapacha, nyama imelegea, ile ya kitu kilichokaa kwenye barafu muda mrefu kuliko kilivyokaa majini. Bwawa lile ninalijua, lilishawahi hata kufungiwa wavuvi ili samaki wazaane, na wanaotoka kule hawalingani hivyo. Nikamuuliza binti, binti akatazama jikoni. Mama akatoka anafuta mikono.

"Anayeniuzia sokoni ndivyo anavyosema, dada."

"Na kuku ungekubali kwa maneno ya sokoni?"

Hakunijibu. Nililipa elfu tisa za samaki, sikudai punguzo, nikaondoka nimekasirika kidogo na kujisikia mbaya kidogo, maana hasira zile nilitakiwa niwe nazo Pasua.

Wiki mbili baadaye nilipita tena. Kuku ameisha. Ubao uleule, chaki ileile, mstari wa chini umefutwa na kuandikwa upya: "Samaki: wa sokoni, kwao sikujui. Elfu saba."

Nikaagiza mtori.