Huduma ya mandhari kwa nyumba mpya Dar es Salaam: pevingi nzuri, maji hayana pa kwenda

Anayemaliza nyumba Goba, Madale, Bunju au Kigamboni hukutana na ofa zenye sura ileile: pevingi (vitofali vya zege vya kulaza uwanjani) kuanzia getini hadi barazani, nyasi pembeni, miti miwili mitatu ya kivuli na maua ukutani, vyote kwa bei moja ya mkupuo. Kwenye nyumba za mradi, huduma hiyo huwa imeshatiwa ndani ya bei ya nyumba. Hapa tunaipima kipengele kwa kipengele, na zaidi tunapima kile ambacho hakiandikwi kwenye makisio. Vitofali vyenyewe mara nyingi havina ubaya. Ubaya ni kwamba huduma hii inauzwa kwa mita za mraba za kinachoonekana, ilhali fedha za mwenye nyumba hupotelea chini ya vitofali na kwenye vipimo vya mwinuko ambavyo hakuna aliyevichukua.

Tuanze na maji. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50, mvua ambayo masika huweza kuileta kwa siku moja, hushusha lita 7,500. Ongeza uwanja wa pevingi wa mita za mraba 200 na unapata lita nyingine 10,000 hivi, maji ambayo zamani mchanga ulikuwa unayameza. Tafuta kwenye makisio mstari unaosema maji hayo yanaelekea wapi. Kwa kawaida haupo, au kuna "shimo la kunyonya" moja tu. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 2, likishajazwa mawe, lina nafasi ya lita 1,200 hivi kati ya mawe hayo. Kwenye mchanga wa Kigamboni litanyonya haraka na kusaidia. Kwenye mfinyanzi litajaa mapema na maji yatageuka kurudi uwanjani. Makisio ya kueleweka hupeleka maji ya paa kwenye tangi kwanza, ziada yake kwenye shimo, na maji ya uwanjani kwenye mfereji wa barabara kama upo.

Kosa la ghali kuliko yote ni la hesabu ndogo. Tuseme ardhi iko sentimita 20 chini ya usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu ya nyumba. Fundi anaweka moramu sentimita 15, mchanga sentimita 4, kitofali sentimita 8: jumla 27. Asipochimba, pevingi inamalizikia sentimita 7 juu ya jamvi, imeipita ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi, na ukuta unaanza kunyonya. Miezi michache baadaye rangi inabanduka kwa chini na chumvi nyeupe inatoka. Kupaka rangi upya hakusaidii kitu, maana maji bado yanapanda. Pevingi iliyokamilika inatakiwa kubaki angalau sentimita 15 chini ya jamvi, kwa hiyo kwenye mfano huu lazima zichimbwe sentimita 22. Kwa mita za mraba 200 hizo ni mita za ujazo 44. Udongo ukishalegea hufura na kuwa 55 hivi, yaani safari 11 za lori linalobeba mita za ujazo 5. Hapo ndipo ofa ya bei ya chini inapopata unafuu wake: kuchimba na kuhamisha udongo kumeachwa. Kama mstari huo haumo, usitie saini, hata kama picha za kazi zao zinavutia.

Mteremko nao uandikwe kwa namba. Pevingi ishuke sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani; penye udongo au nyasi, sentimita 5 kwa kila mita katika mita 3 za kwanza. Ina maana kwamba mita 10 kutoka barazani, geti linatakiwa kuwa sentimita 20 chini. Mitaa mingi barabara imeinuliwa kwa kumwagiwa moramu mwaka hadi mwaka, na kiwanja kimebaki chini yake. Hapo mteremko kuelekea getini hauwezekani. Unahitajika mfereji wenye wavu wa chuma getini na mwelekeo mwingine wa maji, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kitofali cha kwanza kulazwa. Kifaa cha kupimia usawa hakina gharama: mpira mwangavu wenye maji, ule ule ambao fundi huutumia kwenye msingi, unatosha kuhamisha usawa kutoka barazani hadi getini.

Pevingi yenyewe ndicho kipengele ambacho watoa huduma wengi wanakifanya vizuri, ukiwasimamia. Kitofali cha sentimita 6 ni cha kutembea kwa miguu. Panapopita gari kiwe cha sentimita 8. Vya ukubwa wa sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita moja ya mraba, hivyo kuhesabu mzigo ni rahisi. Uliza vilifyatuliwa lini. Zege hukomaa vizuri kwa siku 28, na kitofali kilichotoka kiwandani juzi bila kumwagiliwa maji huanza kumomonyoka pembe kabla hujahamia. Gonganisha viwili: kilichokomaa hutoa mlio mkali, kibichi hutoa mlio mzito.

Moramu ishindiliwe kwa mashine katika matabaka mawili, kila moja likinyunyiziwa maji kwanza. Angalia sana mafundi wanaosawazisha mabonde ya moramu kwa kuongeza mchanga. Mchanga wa sentimita 10 sehemu moja na 3 sehemu nyingine utahama, na njia ya tairi itadidimia mvua za kwanza. Pembeni pawe na mawe ya ukingo yaliyofungwa kwa zege. Bila hayo vitofali vya mwisho husogea, vya ndani vikafuata. Panapogeuzwa gari, panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki, kwani mistari iliyonyooka husukumwa na tairi. Mwisho, mchanga laini mkavu ufagiliwe kwenye mianya, mashine ipite, ufagiliwe tena.

Kabla ya moramu yalazwe mabomba matupu ya PVC ya inchi 4 getini na pembeni mwa nyumba. Yatapitisha waya za taa na maji ya bustani bila kubomoa. Mfuniko wa karo upandishwe hadi usawa wa pevingi, usifukiwe, maana gari la kunyonya maji taka litauhitaji. Na kama slabu ya karo haikujengwa kubeba gari, njia ya gari ipite kwingine.

Kwa Athi River, Kitengela na Syokimau, Kenya, ambako kabro (jina la pevingi huko) hulazwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, vipimo hivi havitoshi. Udongo ule hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Huchimbwa ukaondolewa, nafasi yake ikajazwa moramu, na kina chake kipimwe na mhandisi.

Nyasi ni za wastani, na sababu iko chini yake. Wajenzi hukwangua udongo wa juu mwanzoni, kisha huacha kifusi: vipande vya tofali, zege, chokaa. Mtoa huduma anamwaga sentimita 3 za udongo mweusi na kutandika nyasi. Hupendeza siku ya makabidhiano. Saruji iliyo chini huufanya udongo uwe wa chokaa mno, mimea inashindwa kuchukua madini ya chuma, na majani yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Mbolea ya kukuzia haitibu hilo. Kifusi kiondolewe, kisha udongo mzuri uwekwe sentimita 15 kwa nyasi na 30 kwa maua, ukichanganywa madebe matatu ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza. Ukague udongo unaoletwa na lori: ukiona vinundu vidogo vyeusi vyenye mizizi kama nyuzi, ni ndago, urudishe. Ndago ikishaingia bustanini kuing'oa ni kazi ya miaka.

Nyasi za Pemba zinavumilia kivuli na joto la pwani. Ukoka unataka jua la kutwa. Kikuyu ni nyasi za nyanda za juu kama Arusha na Limuru, na kuziuza Dar es Salaam ni kumtia mteja hasara. Kwenye miteremko ya Goba vipandikizi vipangwe kwa mistari inayokata mteremko, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine, na vishike mizizi kabla ya masika kukolea.

Miti ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya ofa hizi, chagua mwenyewe. Fikasi hupandwa kwa kuwa hukua haraka, na mizizi yake hufuata unyevu hadi kwenye karo na mabomba huku ikiinua pevingi. Usiipande chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba. Mkungu na mwarobaini vipewe mita 8, mwembe wa kubebeshwa mita 6. Karibu na ukuta panda mlimao au mstafeli. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, mfuko wa plastiki uvuliwe, mizizi iliyojizungusha ikatwe, na mita moja ya mraba kuzunguka shina ibaki bila vitofali.

Jambo moja la hatari. Kiwanja cha mteremko kikisawazishwa kwa kujaza udongo dhidi ya uzio wa tofali za inchi 6, uzio huo umegeuzwa ukuta wa kuzuia udongo bila kujengwa kwa kazi hiyo. Udongo uliolowa unaweza kuuangusha, nao huangukia kwa jirani. Hapo pajengwe ukuta wa mawe wenye kokoto nyuma yake na vitundu vya bomba kila mita 1.5 vya kutolea maji.

Dhamana nyingi ni za mdomo. Andika kwenye mkataba kwamba asilimia 10 ya malipo inabaki mkononi mwako hadi masika moja ipite. Na siku ya kukabidhiwa, kabla ya malipo mengine yote, fungua mpira wa maji mlangoni kwa dakika 20 na ufuate maji yanakoelekea. Dimbwi lolote linalobaki baada ya saa moja liwekewe alama ya chaki, vitofali vyake ving'olewe na kulazwa upya fundi angali hapo.